Nguo Njema Haitokani na Kitambaa Peke Yake

Katika mji wa Thika, hasa siku za mwisho wa mwezi, huonekana akina mama wakitoka madukani na vitambaa vipya, wakienda moja kwa moja kwa fundi cherehani. Kitambaa cha namna hii aghalabu kimenunuliwa kwa fedha iliyowekwa akiba kwa wiki nyingi. Huenda ni cha arusi, au cha sikukuu, au ni cha sare ya mtoto anayeingia shule mpya. Baada ya siku chache nguo huwa tayari, na hapo mambo mawili huweza kutokea. Mama mmoja huivaa nguo yake na majirani wote husema ya kuwa imempendeza, ijapokuwa kitambaa chenyewe ni cha bei nafuu. Mwingine, aliyenunua kitambaa cha bei kubwa zaidi katika duka lile lile, huvaa nguo yake mara moja tu, kisha huikunja na kuiweka chini kabisa ya sanduku. Akiulizwa ina kasoro gani, hawezi kuitaja. Husema tu, "Haikunikaa vizuri."

Watu wengi hudhani ya kuwa tofauti hiyo ni bahati, au ya kuwa fundi mmoja amezaliwa na mkono mwema na mwingine hakuzaliwa nao. Hakika si hivyo. Kuna mambo machache ambayo kila nguo duniani hufanywa kwayo, nayo ni mstari, umbo, rangi, hali ya uso wa kitambaa, na nakshi. Tena kuna kanuni zinazofundisha jinsi ya kuyapanga mambo hayo: kadiri, mizani, mkazo, mwendo na upatanifu. Fundi aliyefundishwa katika chuo huyajua kwa majina yake, na fundi aliyejifunza kwa kukaa kando ya cherehani ya mwenzake huyajua kwa mazoea. Lakini mwenye kitambaa naye yampasa kuyajua, maana fedha ni yake, na kitambaa kikishapitiwa na mkasi hakirudi tena kuwa jora.

WENYEJI WA KITAMBAA

Watu wa Thika na Ruiru si wageni wa mambo ya nguo. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na kwa miaka mingi mji huo ulijulikana kwa mkonge na kahawa ya mashamba yaliyouzunguka. Baadaye vikaja viwanda. Thika Cloth Mills ilianzishwa mwaka 1958, nacho ni miongoni mwa viwanda vya vitambaa vya pamba vilivyodumu katika Kenya. Ngozi pia zilitengenezwa Thika, katika viwanda kama Bulleys Tanneries. Na mtu aliyepita Ruiru hakukosa kusikia habari za Spinners & Spinners, kiwanda cha nyuzi na mablanketi.

Kazi hiyo imepata misukosuko. Soko la Kenya lilipofunguliwa katika miaka ya mwanzo ya 1990, mitumba iliingia kwa wingi sana, na viwanda vingi vya nguo vikafungwa au vikapunguza wafanyakazi. Oktoba 2019 serikali iliwaagiza watumishi wa umma wavae nguo zilizotengenezwa Kenya kila siku ya Ijumaa, kwa kusudi la kuwapa wenye viwanda na mafundi soko la nyumbani. Walakini amri peke yake haiwezi kumshinda mtumba. Shati la mtumba ni rahisi, na mara nyingi limeshonwa vizuri. Lina upungufu mmoja tu: lilikatwa kwa ajili ya mtu mwingine, katika nchi nyingine. Fundi wa Thika ana nguvu moja ambayo mtumba hauna, nayo ni kuwa mteja wake amesimama mbele yake, na aweza kumpima, kumtazama, na kumkatia nguo iliyo yake yeye tu. Fundi asiyeitumia nguvu hiyo hana cha kumshindia mwenye kuuza mitumba.

MSTARI NA JICHO

Jicho la mtu hufuata mstari kama maji yafuatavyo mfereji. Mistari ya nguo si ile iliyochapwa katika kitambaa tu. Mshono ni mstari, na safu ya vifungo pia, na ukingo wa ukosi, na mshipi, na upindo wa sketi. Mstari uliosimama hulipandisha jicho na kulishusha, na mtu huonekana mrefu. Ukosi uliokatwa kwa ncha chini ya shingo, kama ule wa sweta za shule, huirefusha shingo iliyo fupi. Mstari uliolala hulisimamisha jicho, na kwa sababu hiyo mshipi mpana wenye rangi kali humkata mtu vipande viwili, jambo ambalo mtu mrefu aweza kulistahimili lakini mfupi hujuta. Mstari wa mshazari huleta mwendo, na mstari uliopinda huleta ulaini.

Katika habari ya mirabaraba kuna neno ambalo karibu kila fundi hulisema, ya kuwa mistari iliyosimama humwembambisha mtu na mistari iliyolala humnenepesha. Ni neno la zamani, lakini halijathibitika kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1867 mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, alieleza jambo la ajabu: miraba miwili iliyo sawa kabisa, mmoja ukijazwa mistari ya kulala na mwingine mistari ya kusimama, ule wenye mistari ya kulala ndio uonekanao mrefu na mwembamba. Yeye mwenyewe alisema ya kuwa jambo hilo lahusu na nguo za wanawake. Watu hawakumsikiliza. Mwaka 2008 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, jina lake Peter Thompson, aliwaonyesha watu picha za wanawake wawili wawili, mmoja amevaa mistari ya kulala na mwenzake ya kusimama, akawauliza nani mnene zaidi. Ilionekana ya kuwa mistari ya kulala haikumnenepesha mtu. Hata ilibidi picha ya mwenye mistari hiyo ipanuliwe kidogo ndipo wawili hao waonekane sawa.

Je, mafundi wote wamekosea? Si wote, wala si kabisa. Mistari mingi myembamba iliyokaribiana ni jambo moja, na mstari mmoja mpana unaopita juu ya nyonga ni jambo lingine. Huo mmoja hulivuta jicho mahali pale pale na kulishika. Tena mwili si mraba uliochorwa kwenye karatasi. Mstari mpana ukipita juu ya tumbo lililotokeza hupinda, na kila mtu huona ulivyopinda. Kwa hiyo jambo la busara ni kujaribu kabla ya kukata. Mteja akiuliza, "Fundi, mistari hii ya kulala haitaninenepesha?" fundi mzuri hujibu, "Mama, tusibishane kwa maneno. Simama mbele ya kioo nikuwekee kitambaa begani kwanza." Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili.

Jambo jingine juu ya mirabaraba ni kuunganisha. Mistari ya upande wa mbele yapasa ikutane na mistari ya upande wa nyuma katika mshono wa ubavu, na mfuko wa kifuani ukae hata mistari yake iendelee na ile ya shati kana kwamba hakuna mfuko. Hilo haliwezekani kama kitambaa hakitoshi. Mtu anunuaye kitambaa cha mistari au cha miraba yampasa aongeze kidogo juu ya kipimo cha kawaida. Asipofanya hivyo fundi atalazimika kuunganisha ovyo, na lawama itakuwa yake bure.

UMBO

Mtu akija kwa mbali katika barabara, umbo la nguo yake huonekana kabla ya rangi na kabla ya nakshi. Kuna nguo inyoofu kutoka mabegani hadi chini, kuna inayobana kiunoni na kupanuka kama kengele, na kuna iliyo pana mabegani na nyembamba chini. Fundi huchagua umbo kwa kutazama umbo la mwenye nguo: palipo na wingi hapaongezi wingi, na palipo pembamba aweza kupajaza kwa marinda au kwa mikono yenye mafumbato.

Shida ya kazi yenyewe ni kuwa kitambaa ni bapa na mwili wa mtu si bapa. Njia ya kuushinda ugumu huo ni vile vikunjo vyembamba vyenye ncha, ambavyo mafundi huviita dati, vinavyoshonwa kifuani na kiunoni. Dati ikielekea mahali pake, nguo hukaa mwilini bila kukunjamana. Ikipita mahali pake kwa inchi moja, hutokea kijipembe kinachosimama peke yake, na hakuna pasi itakayokilaza.

Hapa pia yafaa kujua habari ya nyuzi. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, ziendazo kwa urefu wa jora, na nyuzi za mshindio zinazopita katikati yake kwa upana. Nyuzi za mtande hazinyumbuki sana, nazo ndizo zipasazo kusimama kutoka bega hadi upindo. Fundi akipinda kitambaa ili kuokoa robo mita, nguo huonekana nzuri siku ya kwanza. Ikifuliwa mara mbili, sketi huzunguka kiunoni na mshono wa ubavu huja mbele. Kosa hili haliponi. Lakini kitambaa kilichokatwa mshazari kwa makusudi, nusu kati ya mtande na mshindio, hunyumbuka na kuufuata mwili kwa ulaini. Njia hiyo ilisifika sana katika miaka ya 1920 kwa kazi za mshonaji wa Paris aitwaye Madeleine Vionnet. Hutumia kitambaa kingi, na mwenye haraka asiijaribu.

Tena pamba hurudi ikilowa. Kitambaa cha pamba kilowekwe, kianikwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, la sivyo kipimo kilichochukuliwa leo kitakuwa uongo baada ya dobi.

RANGI HUTEGEMEA JIRANI YAKE

Katika mambo yote ya mavazi, rangi ndiyo inayopendwa kuliko yote na inayoeleweka kwa uchache kuliko yote. Yaliyompata mtaalamu mmoja wa Kifaransa yataeleza. Mwaka 1824 Michel Eugène Chevreul aliwekwa kuwa mkuu wa kazi ya kutia rangi katika kiwanda cha Gobelins huko Paris, kilichofuma mazulia ya ukutani. Alipokelewa na malalamiko: nyuzi nyeusi za kiwanda hicho, walisema wafumaji, hazina weusi wa kutosha. Chevreul alizipima nyuzi hizo na kuzilinganisha na za viwanda vingine, akaona hazina kasoro. Kasoro ilikuwa katika jirani. Nyuzi nyeusi zikifumwa karibu na buluu au zambarau zilionekana kufifia, kwa sababu jicho la mtu haliipimi rangi peke yake bali hulilinganisha kila moja na ile iliyo kando yake. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, na mafundi wa rangi hufuata kanuni yake mpaka leo.

Faida yake kwa mtu wa Thika ni hii. Rangi nyekundu ikiwekwa kando ya kijani, kila moja huzidi kuwaka. Buluu na rangi ya machungwa ni hivyo hivyo. Mwenye kutaka nguo ya kupiga kelele huziweka pamoja kwa wingi ulio sawa. Mwenye kutaka nguo ya kutulia hutumia moja kwa wingi na nyingine kidogo tu, mathalani ukosi au utepe wa mkono. Rangi ya ngozi nayo ni jirani, tena ni jirani wa karibu kuliko wote, maana uso huwa juu ya ukosi mchana kutwa. Manjano, nyeupe na machungwa hung'aa sana juu ya ngozi nyeusi, na kwa hiyo shanga za rangi kali zilipendeza tangu zamani bila mtu kufundishwa na kitabu.

Iko hila nyingine ya dukani. Taa za ndani hubadili rangi. Kitambaa na uzi vilivyoonekana sawa chini ya taa huweza kutofautiana kabisa barabarani. Mnunuzi asione haya kuomba ruhusa ya kwenda navyo mlangoni kwenye mwanga wa jua. Na uzi ulio katika kigurudumu chake huonekana mzito wa rangi kuliko utakavyoonekana ukishashonwa peke yake, kwa hiyo asipopata ulio sawasawa achukue uliozidi weusi kidogo, asichukue mweupe zaidi.

Udongo nao usisahauliwe. Udongo mwekundu wa Ruiru na Thika hushika nguo wakati wa mvua, na soksi nyeupe za mtoto anayetembea kwenda shule ni adhabu kwa mama yake. Rangi ya kahawia au ya damu ya mzee haitangazi doa hilo.

MGUSO WA VIDOLE

Huko Thika iko shule ya watoto wasioona, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Mtu asiyeona huijua nguo kwa vidole, na vidole huwa na habari ambazo macho huzipuuza: mahameli yenye manyoya yanayolala upande mmoja, kitambaa chenye mifuo, sweta yenye mbavu, poplini laini, drili ngumu. Mwenye macho anayetaka kununua kitambaa yafaa afumbe macho kidogo akipapase, kisha akikunje kiganjani na kukiachilia. Kikijikunjua chenyewe hakitamtesa kwa pasi.

Uso wa kitambaa hubadili hata ukubwa wa mtu. Kitambaa kinachong'aa hurudisha mwanga, nacho huonyesha kila uvimbe na kila mkunjo; kilichofifia huficha. Kitambaa kizito huongeza unene wake juu ya unene wa mwili, na hakifai kutiwa marinda mengi. Katika baridi ya Gathano, mwezi wa Julai, watu wa Kiambu huvaa sweta nene juu ya nguo, na gauni lililoshonwa na mafumbato makubwa mabegani hukosa nafasi ndani ya sweta hiyo, likajikunja kama mto. Mahameli yakatwe yote kwa mwelekeo mmoja wa manyoya. Kipande kimoja kikigeuzwa, huonekana kana kwamba ni cha rangi nyingine.

NAKSHI, KANGA NA KITENGE

Mfano mwema kuliko yote wa mpango wa nakshi uko katika kila nyumba ya pwani, na katika nyumba nyingi za bara pia, nao ni kanga. Tangu mwaka 1887 duka la Kaderdina Hajee Essak huko Mombasa, ambalo kanga zake zina alama ya "Mali ya Abdulla", limeuza kanga. Sehemu zake ni tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno, ambayo hapo zamani yaliandikwa kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Pindo huufunga mji kama ua ufungavyo boma, na jicho halitoki nje. Rangi aghalabu ni chache. Mpango huo umedumu kwa vizazi vingi kwa sababu umekamilika.

Na kwa sababu umekamilika, ni vigumu kuukata. Fundi anayeombwa kushona gauni la kanga yampasa afikiri kwanza kila sehemu itaangukia wapi. Pindo la urefu huweza kuwa upindo wa sketi, na pindo la upana likawa ukingo wa mikono. Mji huwekwa kifuani au mgongoni, katikati kabisa, maana ukipotoka kwa inchi mbili kila mtu huona. Lakini jina ndilo lenye hatari. Wapo mafundi waliokata maneno katikati, yakabaki nusu isiyo na maana; na wapo waliofanya vibaya zaidi, wakayaweka mahali pa kukalia, na mwenye nguo akapita sokoni akiwa hajui kwa nini watu wanacheka.

Kitenge kina shida za namna nyingine. Vitambaa vya nta vilianza kwa Wazungu wa Uholanzi kuiga batiki ya Java. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond ilianza mwaka 1846, na vitambaa vyake vikapata soko kubwa katika Afrika ya Magharibi. Nakshi za kitenge mara nyingi ni kubwa: mduara mpana kama sahani, au ndege, au jani. Nakshi kubwa haipendi kukatwakatwa. Gauni lenye mishono mingi huivunja vipande, na uzuri wote ukapotea. Kwa kitenge cha namna hiyo gauni liwe la mishono michache. Tena fundi aangalie miduara miwili isiangukie juu ya matiti, wala mmoja katikati ya tumbo. Ikiwa nakshi ina juu na chini, kama ndege aliyesimama, kitambaa kingi zaidi kitahitajika, maana vipande haviwezi kupachanishwa kichwa na miguu. Mtoto mdogo avishwe nakshi ndogo. Nakshi iliyo kubwa kuliko kifua chake humvaa yeye.

KADIRI, MIZANI NA MKAZO

Kadiri ni namna sehemu moja inavyolingana na nyingine na na mwili mzima. Nguo iliyogawanyika nusu kwa nusu huwa butu. Jicho huona sehemu mbili zilizo sawa na halijui la kutazama. Ikiwa urefu wa gauni kutoka bega hadi upindo ni inchi 48, mshipi ukiwekwa kwenye inchi 24 gauni huonekana limekatwa, lakini ukiwekwa kwenye inchi 16, yaani theluthi moja, hukaa vema. Na kwa wanawake wengi inchi 16 hivi ndipo kiuno chenyewe kilipo.

Mizani si lazima kulia kuwe sawa na kushoto. Shati lina mfuko mmoja kushoto, wala halionekani limeinama, kwa kuwa mfuko ni mdogo. Shuka iliyofungwa bega moja hupata mizani yake kwa mikunjo inayoshuka upande wa pili. Mkazo ni mahali pamoja ambapo jicho hualikwa kukaa. Liwe pamoja. Gauni lenye ukosi wa rangi nyingine, vifungo vya dhahabu, mshipi wa bizimu kubwa, na marinda ya namna tatu ni kama baraza ambayo wazee wote wanasema kwa wakati mmoja.

Mwendo ni kurudiwa kwa kitu kwa nafasi zilizopangwa, kama mapigo ya ngoma. Mwanamke wa Kikuyu au wa Kikamba anayesuka kiondo cha mkonge huijua kanuni hii bila kutafuta jina lake: mstari mpana, myembamba miwili, kisha mpana tena, mpaka juu. Marinda ya sketi na safu ya vifungo hutaka utaratibu uo huo. Rinda moja likizidi wenzake kwa upana wa kidole, jicho hujikwaa hapo.

NGUO NA KAZI YAKE

Yote haya yakipatana baina yao, bado yapasa yapatane na kazi ya mwenye nguo. Mkono mpana ni mzuri kanisani na ni hatari karibu na mashine ya kiwanda. Mchuma kahawa hutaka mikono inayomruhusu kuinua viwiko bila shati kuchomoka, na upindo usionasa katika matawi. Abiria wa boda boda, ambazo leo ziko kila pembe ya Ruiru, asiache leso wala sketi pana ikining'inia karibu na gurudumu la nyuma, maana kitambaa kikinaswa humwangusha mtu. Mshonaji aulize mapema: nguo hii itapanda nini, itainama wapi, itafuliwa mara ngapi?

Mwaka 2004 yalifanyika mashindano ya kutafuta vazi la taifa la Kenya, kampuni ya Unilever ikiyagharimia. Vazi likapatikana na kuonyeshwa kwa shangwe, lakini wananchi hawakulivaa katika maisha yao ya kila siku. Kanga haikuwa na mashindano. Ilianza kwa kufunga mtoto mgongoni, kujitanda, kulalia na kupokelea wageni, na uzuri wake ukakua pamoja na kazi hizo.

Mfano wa mwisho ni sare ya shule, ambayo wazazi wengi huishonesha mwezi wa Januari wakitaka idumu miaka miwili. Fundi huacha upindo wa ndani wa inchi 3 au 4, ili sketi ishushwe mtoto akirefuka. Ni akiba njema, lakini uzito wa upindo huo lazima uhesabiwe, ama sivyo marinda yatavutwa chini na kufunguka. Na siku ya kuushusha, mstari wa mkunjo wa zamani hubaki ukionekana, mweupe kidogo, hata baada ya kufuliwa na kupigwa pasi. Mafundi wengine huuacha hivyo. Fundi ajuaye kazi yake hupitisha utepe mwembamba wa rangi ya ukosi juu ya mstari huo, kuizunguka sketi yote, na watoto wengine huenda nyumbani kuwauliza mama zao kwa nini sketi zao hazina utepe.